Madam wa Kitufe cha Chukua

Wako watu hapa Voi ambao wakipita mbele ya duka langu huelekeza kidevu kwenye mlango wa pili na kusema, "Pale ndipo Madam alipofilisika." Mimi huacha kukanyaga cherehani na kuwajibu palepale, maana sikuumbiwa kunyamaza. Huwauliza: alifilisika vipi? Wewe uliona nini? Walichoona ni mkokoteni ukiondoka na kompyuta juu yake, imefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, na hilo likawatosha. Mimi nilitenganishwa naye na ukuta wa mbao tu, na kwa miaka yote ile ya mwisho wa tisini nilisikia kila alichosema, hata alichodhani anakisema moyoni. Basi habari zake nisikilizeni kwangu.

Sitawaambia alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Hayo aliyajali kidogo, na mimi pia. Kwao ni juu Mghange, milimani, na alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuiacha kazi ya serikali na kuja kufungua chumba cha kompyuta hapa mjini. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Madam. Makondakta walimwita Madam, mwuza maji alimwita Madam, na mzee wa msikitini, aliyekuwa na umri wa kumzaa, naye alimwita Madam. Jina lake nalijua, majina yote matatu. Kwa nini siliandiki hapa, mtaona mbele.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu ya haraka. Gauni zake zote nilimshonea mimi na zote zilikuwa za mtindo mmoja: kola ndogo, mikono mifupi, mifuko miwili mikubwa mbele. Mfuko mmoja wa disketi, wa pili wa njugu. Nilipomshauri walau abadili rangi ya kola aliniangalia kana kwamba nimemwambia avae taji. Mwenyewe hakujua kushona hata kifungo. Kikimkatikia, alikuja nacho mkononi, akakiweka juu ya meza yangu bila hata salamu, akasimama na gauni likiwa mwilini, nami nikashona yeye akiendelea kusoma kitabu chake cha Java, kitabu kinene hicho cha kuvunjia mlango.

"Java ni nini hasa?" nilimwuliza siku moja, uzi ukiwa mdomoni.

"Ni lugha. Lakini hauongei na mtu, unaandikia mashine."

"Lugha ya kumsemesha asiyejibu ina faida gani?"

"Inajibu, Fundi. Ukikosea ndio inajibu sana."

Msidhani alikuwa mtu wa akili kavu tupu. Alikuwa na mwiko wake mmoja ambao hakuna aliyeweza kumtoa: garimoshi likipita, hakuna kuhifadhi kitu kwenye disketi. Likisikika tu kwa mbali aliinua mkono juu, na wateja wote wakatoa vidole mezani wakangoja mabehewa ya mizigo yapite mpaka la mwisho. Huyu ndiye aliyemfukuza mteja aliyeomba kompyuta iombewe kabla haijamwandikia barua ya kazi! Mimi nilimtania kupitia ukutani, "Madam, hao mizimu wa reli umeshawachinjia?" Naye akajibu, "Cheka tu. Disketi ni kama maziwa, ukiitingisha inaharibika." Hakuna kitabu kilichomwambia hivyo. Aliamua mwenyewe, na akishaamua, basi.

Alikuwa mgomvi, hilo nalikiri kwa niaba yake. Aligombana na watu wa stima, na makarani wa posta, na mimi kwa sababu ya redio yangu. Akikasirika sana alikiacha Kiswahili akaingia Kidawida, akiongea chini chini na meza yake. Kuomba msamaha hakujua. Siku ya pili ungekuta kabichi mlangoni kwako, kabichi la Mghange, limejaa, limefungwa vizuri kwa gazeti. Hapo ungejua yamekwisha. Nimekula makabichi mengi sana ya Madam.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa ugomvi wake mkubwa.

Wanawake wa Sagalla, kilimani hapo juu yetu, husuka vikapu vya mkonge. Katika miaka ile vilinunuliwa na bwana mmoja kutoka Mombasa aliyeviuza ng'ambo. Nitamwita Bwana wa Vikapu, inatosha. Yeye ndiye aliyemletea Madam ile kompyuta kubwa, kwa mapatano kwamba Madam atamtengenezea kurasa za intaneti, hizo ziitwazo HTML, za kuwaonyesha wanunuzi vikapu na wasusi wake. Mtu mwingine angekaa akaandika kurasa moja moja mpaka macho yaume. Madam alisema huo ni uvivu wa kufikiri. Aliandika ukurasa mmoja tu wenye mapengo: hapa jina la msusi, hapa kijiji chake, hapa picha ya kikapu, hapa maneno yake mwenyewe kuhusu rangi na mshono. Halafu akaandika programu ya Java, ikakaa ndani ya ile kompyuta kubwa. Ukikaa kwenye kompyuta ndogo iliyounganishwa nayo ukachagua jina, ile kubwa iliuchukua ule ukurasa wa mapengo, ikayajaza, ukurasa kamili ukatoka.

Wanawake wa kikundi cha wasusi walipokuja kuelezwa hawakuelewa hata neno, na Madam akaanza kukasirika. Kisha akatoka mbio, akaingia kwangu, akaling'oa ukutani lile karatasi langu la kaki la kukatia sare za shule. Hata hakuniomba.

"Hii Fundi anaita pateni," akawaambia. "Mtoto anakuja mwingine, kitambaa inakuja ingine, pateni ni ile ile. Mnaelewa sasa?"

"Sasa tumeelewa," akasema Mama Wakesho, mkubwa wa kikundi. "Si ungeanza hapo tu?"

Tangu siku hiyo, hata yeye akaacha neno la Kizungu alilokuwa akiuita ule ukurasa wa mapengo, akawa anasema pateni. Karatasi langu lakini sikulipata mpaka nilipoenda kulidai.

Chini ya kila ukurasa Madam aliweka kitufe kilichoandikwa Chukua. Hicho kitufe ndicho kiini cha hadithi nzima. Ukikibonyeza, kompyuta haikukuonyesha ukurasa tu. Ilikupa wote, faili nzima pamoja na picha yake, ukahifadhi kwenye disketi yako ukaondoka nayo. Faili ile ingefunguka kwenye kompyuta yoyote, popote, bila laini ya simu, bila intaneti, bila Madam mwenyewe.

Aliniita siku moja nikione alichofanya, akiwa na furaha ambayo hakutaka ionekane. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Unaona mstari hii moja huku juu? Nikiitoa, mashine inamwonyesha mtu tu. Nikiiweka, mashine inampatia. Mstari moja tu. Kuonyesha si kupatia, Fundi."

Maneno hayo yakawa yake, akayatumia mpaka nikayachoka. Mwenye kioski akiweka mandazi nyuma ya kioo huku chai ikichelewa: "Unatuonyesha ama unatupatia?" Mgombea mmoja alikuja kwenye mkutano akajisifu kwa mabomba ya maji yaliyokuwa yamelala kando ya barabara ya Sagalla, majani yakiota ndani. Madam alisimama katikati ya watu na gauni lake la mifuko. "Mheshimiwa, mabomba tumeonyeshwa. Kuonyesha si kupatia." Watu walishangilia. Askari akamwambia akae. Akasema amekaa vya kutosha miaka aliyokuwa mwalimu, akaendelea kusimama mpaka mgombea akamaliza, na mgombea alimaliza haraka.

Kila msusi alitakiwa kubonyeza Chukua kwa kidole chake mwenyewe. Madam hakukubali kumbonyezea mtu. Mama Wakesho alikuwa wa kwanza: alibonyeza, akapewa disketi yake, akaipima kwenye kiganja.

"Mbona haijaongeza uzito? Kweli mimi niko humu?"

"Uko. Jina yako, kijiji, kikapu, na yale maneno ulisema ya mizizi ya rangi."

"Na hii ni yangu? Hata nikiamua kuitia mtoni?"

"Hata ukiitia mtoni. Ni yako."

Mama Wakesho akaifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili.

Basi likaja kosa, na kosa lilikuwa la Madam mwenyewe, sitalificha. Alipokuwa akiijaribu ile pateni yake, kwenye pengo la jina alikuwa akijaza Mama Fulani, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Programu ikikosa jina iliweka hilo. Siku moja stima ilipotea ikarudi, kompyuta ikaamka bila kuyasoma majina, na kurasa zote zikatoka za Mama Fulani. Vikapu vyote, picha zote, msusi mmoja. Basi la Mombasa lilikuwa linapiga honi stendi, Madam hakuangalia, akazikimbiza disketi kwa dereva. Kule Bwana wa Vikapu naye hakuangalia, akazituma ng'ambo.

Majibu yalipokuja, wanunuzi walikuwa wameshangaa kwa furaha. Huyu Mama Fulani ni mama wa namna gani, mwenye mikono ya ajabu hivi! Wakataka vikapu zaidi vya Mama Fulani.

Sisi tulicheka mpaka tukashika ukuta. Madam hakucheka. Siku ile hakufungua dirisha, na kesho yake alizirekebisha kurasa zote. Ndipo Bwana wa Vikapu alipofika na gari lake, na yale mazungumzo niliyasikia yote, maana niliuzuia mguu wangu kwenye cherehani makusudi.

"Madam, usirekebishe kitu," alisema. "Jina limependwa. Kuanzia sasa vikapu vyote ni vya Mama Fulani."

"Mama Fulani hayuko. Nilimweka mimi nikijaribu mashine."

"Mnunuzi anamjua. Hilo linatosha. Na kile kitufe chako cha Chukua, kitoe. Wanaona ukurasa hapa, wanaridhika, wanaenda nyumbani. Mtu akitembea na faili yake mfukoni atajipeleka kwa mnunuzi mwingine."

"Ndio maana niliiweka."

Nikasikia kiti kikisogea.

"Kompyuta ni ya nani, Madam?"

"Ni yako. Majina ni ya nani?"

Bwana alimpa Madam mpaka mwisho wa juma afikiri. Na sitaki mdhani kwamba Sagalla nzima ilisimama nyuma ya Madam kama kwaya. Mkutano ulifanyika hapa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mabenchi, na wako waliosema wazi kwamba Bwana ana haki. Mama Mghoi, ambaye ulimi wake ni wembe, alisema, "Jina haijazi sufuria, Madam. Waite vikapu zangu Fulani, waite Kisauni ya Mombasa, bora zinunuliwe."

"Ni kweli, jina haijazi sufuria," Madam akamjibu. "Lakini chakula ikiiva, anaitwa mwenye jina. Wewe utaitwa nani? Leo anawahitaji nyinyi wote kusuka za Fulani. Kesho akipata mwingine wa kusuka kwa bei ya chini, huyo ndiye Fulani. Utaenda kusema nini? Kwamba Fulani ni wewe?"

Mama Mghoi akauliza disketi zinapatikana wapi.

Jumamosi wasusi walishuka mjini. Sijawahi kuona mtaa wetu umejaa hivyo bila harusi wala msiba. Wanawake walipanga mstari kutoka mlango wa Madam mpaka kwa mwuza mkaa, na mimi niliacha sare za watu nikakaa kushona vifuko vya disketi kwa vipande vya kijani vilivyobaki. Kila mmoja aliingia, akachagua jina lake, akausoma ukurasa au akasomewa, akabonyeza Chukua, akatoka. Madam alikuwa akifoka muda wote. "Usishike hapo kwa chuma! Usiweke kwa jua! Mwingine!"

Alibaki Mama Mghoi, wa mwisho kwa sababu alikuwa amekuja kwa miguu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe wakati garimoshi lilipolia, na wakati huohuo nikaliona gari la Bwana wa Vikapu kwenye kona, mkokoteni ukifuata nyuma. Madam akainua mkono juu.

"Madam, wewe!" nikapiga kelele. "Ameshafika! Mwache abonyeze!"

"Ngoja."

"Madam, nakuapia, leo huo mwiko wako..."

"Fundi, nimesema ngojeni!"

Garimoshi la mizigo, jamani, refu kama deni. Tulisimama pale, mkono wa Madam juu, kidole cha Mama Mghoi hewani, na Bwana wa Vikapu akiegesha gari na kufunga milango yake mmoja mmoja. Behewa la mwisho lilipopita mkono ukashuka. Mama Mghoi akabonyeza. Ile taa ndogo ya kijani ilikuwa bado inawaka Bwana alipoingia, na Madam akamwekea kifua mlangoni mpaka ikazima.

"Zima mashine," Bwana akasema.

"Hiyo naizima." Akaizima mwenyewe, akang'oa nyaya mwenyewe, akakunja kitambaa nilichomshonea cha kuifunikia vumbi akakitia mfukoni. "Beba sasa."

"Na kurasa?"

"Ziko ndani, chukua. Na ziko Sagalla."

Mkokoteni uliondoka. Hapo ndipo watu wa Voi walipofika, hapo ndipo hadithi yao inapoanzia na kuishia. Wiki hiyo walimcheka waziwazi. Mwenye nyumba akakitaka chumba chake. Madam alinipa kabichi, ingawa hatukuwa tumegombana, akapanda gari la Taveta akaenda kufundisha hesabu kwenye shule moja huko Njukini, shule isiyokuwa na stima, sembuse kompyuta. Nililia, na sioni aibu kusema. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu niliwaona waliompigia makofi siku ya mabomba sasa wakimhesabia makosa.

Miezi ikapita. Mwaka uliofuata kanisa moja la Sagalla lilinipa kazi ya kanzu za kwaya, nikapanda kule kupima watu. Nilikuwa uwanjani na utepe shingoni, nimemkamata mwimba besi mmoja kifuani, gari la Bwana wa Vikapu lilipoingia. Alishuka na mama wa Kizungu, mtu mzima, mwenye kofia ya ukili na mkoba begani. Huyo alikuwa mmoja wa wale wanunuzi wa ng'ambo, naye alikuwa amefunga safari kuja kumwona Mama Fulani kwa macho yake.

Bwana alikuwa ametokwa na jasho. Alimvuta Mama Wakesho pembeni, lakini pembeni kwa Mama Wakesho hakuna, anaongea kwa sauti kila mahali.

"Unataka niwe nani?"

"Leo tu, mama. Mpe mkono, tabasamu, basi."

Mama Wakesho akatembea mpaka kwa yule mgeni. Mwalimu wa kwaya akawa mkalimani. "Mwambie mimi naitwa Wakesho. Fulani simjui."

Mgeni akafungua karatasi lake, akaonyesha picha ya kikapu: hiki si cha Mama Fulani? "Hicho ni changu," akasema Mama Wakesho, "na mimi sio Fulani." Bwana akaanza kueleza kwa Kiingereza, haraka haraka. Mama Wakesho hakumngoja. Alifungua pindo la leso, mafundo mawili, akatoa kifuko cha kijani, na ndani yake ile disketi.

Mgeni alikuwa na kompyuta ya kukunja ndani ya mkoba wake. Aliiweka juu ya meza ya kanisa iliyokuwa uwanjani, akaitia disketi. Mimi niliacha kumpima mwimbaji. Hapo Sagalla hapakuwa na laini ya simu, hapakuwa na stima, hata maji siku hiyo hayakuwapo. Ukurasa ukafunguka. Jina, kijiji, kikapu kilekile kilichokuwa kwenye karatasi, na maneno ya mizizi ya rangi, na kila mstari umenyooka kama Madam alivyoupanga. Mgeni akakiangalia kioo, akamwangalia Mama Wakesho, akasoma jina kwa sauti. Alilitamka vibaya, lakini ni hilohilo.

Basi wengine wakakimbia nyumbani kwao. Walirudi mmoja mmoja na vifuko vyangu vya kijani, na kila disketi ikatoa mtu wake. Bwana wa Vikapu alikwenda kusimama karibu na gari, akajifanya anaangalia gurudumu. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Mghoi. Ilikataa. Mgeni aliitoa akaitia tena, ikakoroma, ikakataa. Ilikuwa imepinda kidogo na ina rangi ya moshi. Mama Mghoi alikuwa ameitunza kama wanavyotunza kila kitu chenye thamani ya kesho, darini juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi, wadudu wasiifikie.

Akaichukua, akairudisha kifukoni. "Mwambie basi nitasema kwa mdomo," akamwambia mkalimani. "Mimi ni Mghoi. Kile kikapu cha mistari mitatu ni changu. Aandike."

Na mgeni akaandika.

Kwangu mimi habari hiyo ilikuwa moto, nisingeweza kukaa nayo. Siku ya soko nilipanda gari kwenda Taveta kutafuta vitenge, kama ninavyofanya siku zote, ila safari hii niliendelea mpaka Njukini, na kifurushi kidogo kwapani. Nilimkuta Madam sokoni anabishana na mwuza maharagwe. Gauni lilikuwa lilelile la mwisho nililomshonea, limepauka, mfuko mmoja umechanika. Ule wa disketi sasa ulikuwa na chaki.

Tuliketi kwenye magunia. Nikamsimulia yote bila kupumua, nikaiga sauti ya Bwana, nikamwiga Mama Wakesho na leso yake. Nilingoja acheke au alie. Alikunja uso.

"Ya Mghoi ilikataa kwa nini?"

"Madam! Katika yote hayo?"

"Ilikataa kwa nini?"

"Aliiweka darini, juu ya jiko, na mbegu."

"Juu ya moto!" Akasimama. "Nilisema wasiweke kwa jua, akaona aweke kwa moto! Huyu mama!"

"Au labda ni garimoshi," nikasema.

"Garimoshi ilikuwa imepita."

"Behewa la mwisho lilikuwa bado halijafika darajani."

Akaniangalia kwa jicho lile la kumtoa mtu darasani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye chaki. Alipotulia aliniuliza jambo moja kwa sauti ndogo: kama walisema majina yao wote. Nikamwambia wote. Akasema sawa.

Hapo nikamwuliza lililokuwa likinikera siku nyingi. Kurasa zote zile alizozitengeneza, sikuwahi kuona hata moja yenye jina lake, si juu, si chini. Aliwapigania watu majina yao mpaka akapoteza riziki, na yeye ameridhika kuitwa Madam na kila kondakta. "Ukurasa wako wewe uko wapi?"

"Pateni haiandikwi jina ya fundi," akasema. "Wewe yako umeandika?"

Nikampa kifurushi. Nilikuwa na karatasi lake la kukatia, la kola ndogo na mifuko miwili, sikulitupa. Kitambaa kilikuwa kipya, cha samawati. Aliligeuza gauni, akasema mshono ni mzuri, akataka kulikunja. Nikamwambia aangalie ndani, nyuma ya kola. Nilikuwa nimelitarizi jina lake hapo kwa uzi mwekundu, majina yote matatu, alilopewa kwao kwanza, kisha la kanisani, kisha la baba yake.

Alilipitishia kidole taratibu. "Umeweka ndani. Nani ataiona huku?"

"Hakuna atakayeliona," nikamwambia. "Kuonyesha si kupatia."

Ndiyo maana hata ninyi siwaonyeshi jina hilo. Aliinuka, akanikabidhi chaki zake, na palepale sokoni, mbele ya mwuza maharagwe na watu wote, akalivaa gauni jipya juu ya lile la zamani, akafunga vifungo mpaka shingoni, akarudi kumaliza ubishi wake.